Mafuta "hayana kolesteroli"? Geuza dumu

Juzi Darajani mwenye duka kanisogezea dumu la mafuta ya mawese: "Chukua hili dada, halina kolesteroli." Kweli limeandikwa, na moyo mwekundu umechorwa pembeni. Lakini kolesteroli ya kwenye chakula hutoka kwa wanyama: nyama, mayai, maziwa, hata pweza. Mafuta ya mmea hayakuwa nayo tangu zamani. Ni sawa na kuandika "chumvi isiyo na miba".

Geuza nyuma, kwenye vile vijiandishi, utafute mstari wa saturated, yaani mafuta yanayoganda. Mwili nao hujitengenezea kolesteroli yake, na hayo mafuta ndiyo hupandisha ile mbaya, inayoziba mishipa ya damu. Mawese huwa karibu nusu nzima, alizeti kama gramu 10 hivi kwa kila 100. Kipupwe kikiingia utaona mwenyewe lipi limeganda. Mimi mawese nayaachia sambusa za Ramadhani tu.