Kupanga Umeme wa Kidhibiti cha Moduli Kiwandani
Kidhibiti cha moduli (PLC) ni kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo, iliyoundwa kwa vipande vinavyounganishwa, yaani moduli. Kabla ya kununua pawasaplai (kifaa kinachokipa umeme wa volti 24) ya paneli ya kiwanda cha Chang'ombe au Barabara ya Pugu, orodhesha kila moduli na ujumlishe ampea zake za volti 24, ukitenganisha mkondo unaopita ndani ya kidhibiti na ule unaolisha vitambuzi na vali, kwa kuwa njia ya ndani ina kikomo chake hata pawasaplai ikiwa kubwa. Moduli zikitumia ampea 3.2 na vifaa vya nje 4.1, jumla ni 7.3, akiba ya asilimia 25 huifikisha takriban 9.1, hivyo chagua ya ampea 10. Hata hivyo, joto la Dar es Salaam ndani ya kabati lililofungwa hupunguza uwezo huo, basi soma kwanza jedwali la mtengenezaji. Mimi hupendelea vali ziwe na pawasaplai yake, ili shoti ya koili moja (waya uliozungushwa unaoiendesha vali) isizime kidhibiti kizima.