Mbwa anakurukia ukifungua geti? Somo ni hili, nisiulizwe tena

Kila wiki swali ni lilelile, naandika mara moja. Hii ni kwa mbwa anayeruka kwa furaha. Anayenguruma au kukakamaa mwili, usimjaribie haya.

1. Ingia bila kelele.

2. Akiruka, mgeuzie mgongo, kunja mikono kifuani, tazama pembeni. Kimya.

3. Usimsukume. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa namsukuma mbwa wangu Simba huku namfokea "Toka!" Kumbe kwake ni mchezo: kaguswa, katazamwa, kasemeshwa, anataka nini tena? Nikahamia kumpa mgongo. Siku ya tatu akazidi, akanivuta shati la kazini kwa nyuma, nikageuka kumfokea. Basi akajua akizidisha nitageuka. Wiki mbili zikapotea. Kabla ya kuacha, atazidisha kwanza! Vaa nguo chakavu, vumilia. Na goti la kifua usimpige, utamuumiza bure.

4. Miguu yote minne ikigusa chini, geuka papo hapo, chuchumaa ukimpa ubavu, mpapase kifuani. Akiruka tena, mgongo.

5. Nyumba nzima ifanye hivyo. Shemeji mmoja wa kumchekea anatosha kuharibu.

MASWALI

Mdau wa 1: Nimejaribu jana, haifanyi kazi.
– Jana? Rudi namba 3.

Mdau wa 2: Mimi namkazia macho tu, ananywea.
– Ananywea kwa woga. Kumkodolea mbwa macho ni kumtisha, na siku moja atajibu kwa meno. Mimi sijakufundisha hilo.

Mdau wa 3: Samahani mkuu, wangu nikimwinamia anapiga miayo na kujilamba pua. Ni usingizi?
– Umeangalia vizuri sana. Huo ni wasiwasi. Akipiga miayo, akijilamba au akigeuza kichwa pembeni, mara nyingi anakuomba upunguze presha. Usimwinamie kwa juu. Kaa upande, aje mwenyewe. Ukiona na weupe wa jicho umetokeza pembeni, mwache kabisa.

Mdau wa 3: Asante. Na mtoto wa miaka 5?
– Asimame kama mti: mikono mwilini, macho chini, asikimbie wala kupiga kelele. Mtu mzima awe jirani muda wote.

Mdau wa 4: Akikung'ata je?
– Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kesho.

Mdau wa 5: Nje ya mada, ugali wa dona unampa na nini?
– Dagaa, bila chumvi. Kitunguu usiweke, ni sumu kwao.