Namna ya kutumia neno "effervescent" ukiwa umesomea Kifaransa

Kama ulisoma kwa Kifaransa, kama sisi wengi wa Goma, ukikutana na neno effervescent ndani ya maandishi ya Kiingereza utadhani ni jirani yako wa zamani. Herufi ni zilezile, moja kwa moja mpaka mwisho. Kazi yake ndiyo tofauti, na hapo ndipo wanafunzi wangu wa jioni pale Katindo hukwama: wapokezi wa hoteli, vijana wanaoandika barua za kuomba kazi kwenye mashirika, mama mmoja anayeuza vitenge na kuandikiana na wateja wa Kampala. Nawaandikia wao, na yeyote aliye kama wao.

Anza na maana inayoshikika. Fungua Fanta: gesi ya kaboni iliyoshindiliwa ndani inapata nafasi, inapanda kwa vipovu. Tia kidonge cha vitamini C ndani ya glasi ya maji: asidi ya limau na bikaboneti vinakutana, gesi ileile inatoka, kidonge kinachemka bila moto. Neno lenyewe limezaliwa na Kilatini fervere, kuchemka. Lakini shika hilo la "bila moto", kwa sababu ndilo litakalokuongoza baadaye. Kinachofoka kinafoka kwa nguvu iliyomo ndani yake.

Sisi wa Kivu tuna mfano mkubwa kuliko chupa. Chini kabisa ya ziwa letu, maji yamebeba kaboni dayoksaidi na methani nyingi mno, zimeyeyuka humo kwa sababu uzito wa maji ya juu unazibana. Kule Karongi, upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unayapandisha maji hayo kwa bomba. Yakikaribia juu mgandamizo unapungua, gesi inatoka yenyewe kwa mapovu, na methani inachomwa kutengeneza umeme, megawati 26. Kinachotokea ndani ya bomba lile, Mwingereza ana haki ya kukiita effervescence.

Sasa mpeleke mtu hapo. "She has an effervescent personality": huyu ni mchangamfu ambaye furaha yake inapanda kutoka ndani, bila kusukumwa, na akiingia mahali wengine nao wanachangamka. Ni sifa njema kabisa, haina kivuli. Nawaambia wanafunzi wajiulize swali moja: je, uchangamfu huu ni tabia yake, au umeletwa na jambo la leo? Aliyefurahi kwa sababu TP Mazembe imeshinda ni excited. Anayeongea kwa mikono na macho akisimulia ajali aliyoiona ni animated. Yule ambaye hata Jumatatu asubuhi, mvua inanyesha, kwenye foleni ya maji, anawasalimia watu mpaka wanacheka, huyo ndiye effervescent.

Ndugu za neno hili ni wengi, lakini si mapacha. Bubbly ndiyo ya mazungumzo ya kila siku, nyepesi, na husemwa zaidi juu ya wasichana. Ukiisikia katika baa, huenda mtu anaagiza shampeni. Vivacious nayo huenda kwa wanawake, ila ina heshima zaidi, kuna uhai na akili ndani yake. Ebullient inatoka kwa Kilatini bulla, povu, kwa hiyo asili yake ni karibu sana na ya neno letu. Tofauti ni nguvu. Ebullient ni mtu aliyejaa shauku mpaka inamwagika, mara nyingi ana habari njema ya kutangaza. Exuberant imebeba wazo la rutuba, ya mimea inayosongamana. Ukiitumia kwa mtu, unasema furaha yake ni nyingi, na pengine imepita kiasi. Lively ni salama mahali pote: mtoto, mjadala, muziki, mtaa. Vibrant iwekee mji, rangi au soko. Soko la Virunga ni vibrant, na sioni neno lingine linalolifaa zaidi.

Kwa vinywaji uangalifu ni mwingine, na wapokezi wa hoteli wasikilize hapa. Eau pétillante kwa Kiingereza ni sparkling water, na ile isiyo na gesi ni still water. Fanta na Coca ni fizzy. Ukimuuliza mgeni kama anataka effervescent water atakuelewa, lakini atashangaa, maana kwa kawaida neno hilo hubandikwa kwenye vidonge: effervescent tablets.

Mtego ulio mbaya kuliko yote ni huu. Mwandishi wa habari anayeandika Kifaransa akisema "la ville est en effervescence", anaweza kumaanisha watu wanajiandaa kwa sherehe, au wamehamaki na matairi yanachomwa njiani. Usiivushe hivyo hivyo. Anayesoma kwa Kiingereza kwamba Goma ni effervescent ataona mji wa furaha, anaweza hata kutamani kuja kutembea, wakati wewe ulitaka kumwonya. Andika "the city is in turmoil" kama kuna vurugu, "the city is buzzing" kama ni shangwe. Katika mji wetu, kosa hilo si la sarufi tu. Kuna watu wanaoamua safari kwa sentensi kama hiyo.

Katika barua ya kuomba kazi, usijiite effervescent wala bubbly. Ya kwanza ni sifa ya kupewa na wengine, ya pili inakufanya uonekane mtoto. Andika energetic au enthusiastic, kisha taja kazi uliyoifanya inayoonyesha hivyo. Lakini ukimwandikia rafiki barua ya kumsifu, hapo tumia effervescent, na sentensi inayofuata ionyeshe anachofanya. Sifa isiyo na kitendo haikai kichwani mwa msomaji.

Kuhusu sauti: uzito weka kwenye silabi ya tatu, e-fa-VE-sent. Ile sc ni s moja tu, na ile t ya mwisho itamke. Kifaransa huimeza, Kiingereza hapana. Wala usiongeze e kwa sababu unamsema mwanamke. Yeye, kaka yake na kidonge cha vitamini, wote ni effervescent.