Taa za breki zimewaka kwenye haibridi: fanya haya kabla fundi hajashika spana

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea Toyota Prius yake, gari la haibridi, yaani la injini ya petroli pamoja na mota za umeme, hapa gerejini Mombasa ikiwa imebebwa juu ya lori. Alikuwa akiteremka Mazeras kuja mjini, taa zikawaka zote kwa pamoja, king'ora kikalia bila kukoma, na pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mungu alimsaidia akasimama pembeni. Lakini kilichoniuma ni alichoniambia baadaye: taa zilezile ziliwahi kuwaka siku mbili kabla, akapita kwa fundi wa njiani. Fundi akafuta zile namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari kwa kimashine chake, akabadilisha pedi na mafuta ya breki, akamwambia gari liko sawa. Aliporudi yadi aliyonunua gari, ikiwa bado wiki 3 dhamana yake iishe, akaulizwa: "Ushahidi uko wapi?" Hakuwa nao. Ulikuwa umefutwa.

Nimetengeneza haibridi kwa miaka mingi, Prius na Aqua hasa, na nimeona watu wengi wakipoteza haki yao kwa namna hii. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari nalo ni mali. Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Usiruke hatua.

Hatua ya 1: Simama salama

Ukiwa barabarani na breki zimekufa, kanyaga pedali mara moja, kwa nguvu zako zote, na uishikilie. Usikanyage na kuachia mara nyingi kama tulivyofundishwa kwenye magari ya zamani. Kwenye haibridi hizi kila mkanyago unakula presha iliyobaki akibani, na ikiisha unabaki na nguvu za mguu wako peke yake. Mguu huo bado unasimamisha gari, ila kwa umbali mrefu zaidi, na pedali itakuwa nzito sana. Usishtuke ukadhani imekwama.

Toa mguu kwenye mafuta, peleka gia kwenye B ili injini isaidie kuzuia, kisha vuta handbreki taratibu. Kwenye Aqua ni ya mkono. Kwenye Prius ya kizazi cha 3 (chesisi ZVW30) ni pedali ndogo ya mguu wa kushoto, kwa hiyo ijue ilipo kabla siku ya shida haijafika. Usizime gari likiwa linatembea.

Ukishasimama, usiliendeshe tena hata kama taa zimezimika. Tafuta lori la kulibeba. Haibridi haivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa yanazunguka chini, maana mota za umeme zinazunguka nayo na unaweza kuongeza hasara juu ya hasara.

Hatua ya 2: Piga picha

Kabla hujazima, toa simu upige picha dashibodi: taa zote zilizowaka, na kilomita zikionekana vizuri. Rekodi video fupi yenye sauti ya king'ora. Andika saa, mahali, na ulikuwa unafanya nini. Dakika 2 tu, lakini hii ndiyo karatasi yako ya kwanza.

Angalia pia ni taa zipi. Ile nyekundu peke yake inaweza kuwa handbreki haijashuka au mafuta ya breki yamepungua. Nyekundu, ya njano ya breki, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki) na ya gari linaloteleza zikija pamoja na king'ora, hapo tunazungumzia presha ya mfumo mzima.

Hatua ya 3: Pima betri ndogo

Watu wakisikia haibridi wanawaza betri kubwa. Lakini kompyuta ya breki inakula umeme wa betri ndogo ya volti 12, ile iliyo nyuma kulia kwenye buti ya Prius, au chini ya kiti cha nyuma kwenye Aqua. Ikichoka, breki ndizo za kwanza kulalamika. Nimeshaona mteja akiagiziwa busta nzima (kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu ya breki) wakati shida ilikuwa betri iliyokufa.

Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima inasoma karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji au uibadilishe kwanza, kisha upime upya. Ukiwasha mpaka neno READY litokee, isome kati ya 13.8 na 14.5. Andika namba hizo mbili. Muuzaji akija kusema "betri yako ndiyo mbovu", utakuwa na jibu.

Hatua ya 4: Sikiliza pampu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugonjwa wenyewe ulipo na mafundi wengi wanaupita.

Gari la kawaida linatumia mvuto wa hewa wa injini kukupunguzia uzito wa pedali. Haibridi inazima injini yake kila mara, kwa hiyo Toyota waliweka pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki kwenye chupa ndogo ya chuma yenye gesi ya naitrojeni. Chupa hiyo tunaiita akumuleta. Inahifadhi presha, na ukikanyaga pedali, kompyuta inagawa: kiasi gani mota za umeme zizuie ili zichaji betri kubwa, na kiasi gani mafuta yasukume pedi. Valvu za kugawa mafuta hayo zimo ndani ya busta. Zikianza kuvujisha, presha inarudi kimyakimya kwenye kikopo cha mafuta. Hakuna tone linaloanguka chini. Ndiyo maana unaweza kubadilisha pedi, diski na mafuta na usione nafuu yoyote.

Pima hivi. Asubuhi, mahali pakimya, fungua mlango wa dereva bila kuwasha chochote. Utasikia "vuuum" ya sekunde chache. Hiyo ni pampu ikijaza akumuleta, na ni ya kawaida kabisa. Sasa washa mpaka READY, gari liwe kwenye P, handbreki juu, redio na feni ya AC zizimwe. Toa mguu kwenye breki. Chukua simu, fungua saa ya kuhesabu.

Kwenye gari zima pampu inanyamaza. Unaweza kukaa dakika kadhaa usiisikie. Ikiwa inaamka yenyewe kila baada ya sekunde chache, ilhali hujagusa pedali, presha inavuja ndani. Ile Prius ya mwalimu nilipoipima, pampu iliamka kila baada ya sekunde 8. Nilimwita akae kitini asikilize mwenyewe.

"Fundi, hiyo sauti nimeisikia tangu nilinunue. Nilidhani ni feni."

"Hapana, mwalimu. Hiyo ni pampu inajaza ndoo iliyotoboka."

Kisha kanyaga pedali mara kadhaa polepole. Kwenye gari zima pampu inakuja baada ya mikanyago michache. Ikija kila mkanyago, lakini ikinyamaza usipogusa, shuku kwamba akumuleta imepoteza gesi. Rekodi video ya jaribio zima, saa ionekane.

Hatua ya 5: Soma namba za hitilafu, usizifute

Vimashine vingi vidogo vya bei rahisi vinasoma injini tu. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia kwenye kompyuta ya breki, na umwambie mapema kwamba hutaki kufuta kitu. Mwombe akuchapishie, au apige picha skrini pamoja na namba ya chesisi.

Kwenye Prius za kizazi cha 3 namba za kuangalia ni hizi: C1391, presha ya akumuleta inavuja kupita kiasi, C1252, pampu imefanya kazi muda mrefu mno, C1253, hitilafu kwenye rilei (swichi ya umeme) ya mota ya pampu, C1256, presha ya akumuleta iko chini. C1391 ikija na ile sauti ya hatua ya 4, mimi sihitaji kutafuta tena.

Onyo kwa mafundi wenzangu: usifungue paipu wala kusukuma pistoni ya kaliper (kifaa kinachobana pedi) ufunguo ukiwa karibu. Mlango ukifunguliwa tu pampu inaweza kuamka na kusukuma mafuta kwa presha kubwa ukiwa umeshika pedi. Zima gari, peleka ufunguo mbali, toa waya wa hasi wa betri ndogo, subiri dakika chache.

Hatua ya 6: Jua ni dhamana ipi unayoizungumzia

Wateja wananiletea simu zao zikiwa zimefunguliwa kurasa za Marekani: "Fundi, hapa wanasema haibridi ina waranti ya miaka 8." Ni kweli, kule Marekani Toyota hutoa miaka 8 au maili 100,000 kwa sehemu za haibridi, na kuanzia magari ya 2020 betri kubwa inapewa miaka 10 au maili 150,000. Lakini soma orodha yake: betri kubwa, kompyuta zake, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota). Busta ya breki haimo. Kwa Prius za 2010 hadi 2015 waliongeza ulinzi wa pekee kwa busta na pampu, tena kwa namba zile nne nilizotaja, na wenye muda wake maalumu. Ulikuwa wa magari ya kule.

Lako limetoka Japani. Tazama chesisi: ikianza ZVW30- (Prius) au NHP10- (Aqua) na kufuatiwa na tarakimu, hilo ni gari la soko la Japani. Kule dhamana ya jumla ni miaka 3 au kilomita 60,000, na ya sehemu muhimu, breki zikiwemo, ni miaka 5 au kilomita 100,000. Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka 8, na wengi wetu tunanunua yanayokaribia mwisho huo kwa sababu ya bei. Kwa hiyo dhamana ilikwisha kabla meli haijatia nanga Kilindini.

Wito wa mtengenezaji wa kurudisha magari ni kitu kingine. Februari 2010 Toyota waliita takriban magari 437,000 duniani, Prius ikiongoza, kurekebisha programu ya ABS. Juni 2013 waliita tena takriban 242,000, Prius na Lexus HS 250h, kwa sababu akumuleta ingeweza kupasuka ndani na gesi kuingia kwenye mafuta. Toyota Japani wana ukurasa wa kuingiza namba ya chesisi uone kama gari lako liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni wa Kijapani, lakini simu yako itakutafsiria. Chapisha majibu, uyapeleke kwa msambazaji rasmi kwa barua.

Inayobaki ni dhamana ya aliyekuuzia. Toa mkataba usome kila neno. "Miezi 3, injini na gia" haitaji breki, na muuzaji atakuonyesha hapo hapo. Lakini hata hivyo usikate tamaa: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 zinamdai mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Gari lisilosimama halifai kwa kazi ya gari.

Hatua ya 7: Andika barua, usipige simu tu

Simu haina kumbukumbu. Andika fupi hivi:

"Mimi ni mnunuzi wa Toyota Prius chesisi namba …, niliyoinunua kwenu tarehe …. Tarehe …, kilomita …, breki zilishindwa. Kipimo kimeonyesha C1391. Nimeambatisha picha, video na karatasi ya kipimo. Gari halijafunguliwa, nanyi mnakaribishwa kulikagua ndani ya siku 7. Naomba mlitengeneze au mnirudishie gharama ya matengenezo."

Ile sentensi ya "halijafunguliwa" ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wasipojibu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Mwalimu hakuweza kufika huko. Alilipa mwenyewe, kwa mafungu, na ilinisikitisha kila alipokuja kulipa.

Hatua ya 8: Ukitengeneza, tengeneza kikamilifu

Busta mpya ni ghali, najua. Ya mtumba inajaribu mtu, lakini imetoka kwenye gari la umri uleule, huenda na ugonjwa uleule. Ukiichukua, namba ya spea ilingane na ya kwako, na muuzaji aandike kwenye risiti siku za kuirudisha. Usikubali "nipigie tu ikisumbua".

Kutoa hewa kunafanywa kwa mashine inayoendesha pampu na valvu. Ile njia ya mmoja kukanyaga na mwenzake kufungua nati haitoshi hapa. Mafuta ya breki ni ya aina ya DOT 3, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Kisha valvu lazima zifundishwe upya kwa mashine. Fundi akiruka hilo, namba ya hitilafu C1345 itabaki pale na taa hazitazimika. Kwa sisi wa pwani, waambie wasafishe na kupaka grisi pini za kaliper, kwa sababu haibridi hutumia pedi kidogo na chumvi ya hewani huzishika.

Mwisho, usichukue ufunguo kabla hamjarudia jaribio la hatua ya 4 pamoja. Kaa kitini wewe mwenyewe, READY, mguu nje, saa ya simu ikihesabu. Pampu ikinyamaza dakika 3, mwambie fundi aandike matokeo hayo kwenye risiti pamoja na kilomita na muda wa dhamana yake, ndipo umlipe.