Ukiogesha ng'ombe kwa bomba, anzia masikioni

Wengi wetu tukishika bomba la dawa ya kupe tunaanza na mgongo, kwa sababu ndio uko mbele ya macho. Kupe hawapendi mgongo. Kunja sikio la ng'ombe utazame ndani: utawakuta wamejipanga kama punje za mtama, na hao wa masikioni ndio waenezaji wakuu wa ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Kisha inua mkia, angalia kuzunguka njia ya haja, halafu kiwele, mapajani, kwapani na katikati ya kwato. Hapo ndipo dawa iingie kwanza, mwili mwingine ufuate.

Nyunyiza kinyume na manyoya yalivyolala mpaka dawa ichuruzike tumboni. Ng'ombe mkubwa huhitaji lita kadhaa ili ngozi ilowe. Ukiona bomba moja limetosha zizi zima, jua umelowesha vumbi la juu tu.

Kipimo ni kile cha kwenye kibandiko, basi. Ukiipunguza dawa makali ili idumu, unawafuga kupe sugu, na nakuomba sana usifanye hivyo. Wakiendelea kuishi licha ya kipimo sahihi, muulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya kundi jingine. Kubadili jina la chupa pekee hakusaidii, kiambato kinaweza kuwa kilekile.

Ogesha asubuhi au jioni, mvua isiwe karibu, na ng'ombe awe ameshakunywa maji. Vaa glavu, simama upande upepo unakotoka. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa.