SOMO: Kujaribu programu kabla ya kumkabidhi mtu (someni kwanza, ndiyo muulize)

Assalaam alaykum. Tangu Ramadhani iishe sijui nimeulizwa mara ngapi: "Maalim, programu nimeimaliza, nitajuaje kama iko sawa?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa maandishi, nimejibu hadi barazani. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mfano wetu ni fomu ya kukodi gari: mtu anajaza jina, simu, siku, saa na idadi ya abiria, kisha anabonyeza Tuma.

1. Andika daftarini programu inatakiwa ifanye nini. Sentensi tano zinatosha.

2. Kabla hujabonyeza, andika jawabu unayoitarajia. Abiria 3, nauli 5,000 kila mmoja, jumla 15,000. Ukibonyeza kwanza, jicho litakubali chochote kitakachotokea.

3. Pita njia iliyonyooka: kila kitu sahihi, mara moja.

4. Nenda mipakani. Gari ikiwa ya abiria 14, jaribu 0, 1, 14 na 15. Usipoteze bando kwa 6, 7 na 8, hizo ni kundi moja. Kosa hukaa mpakani, kwa sababu hapo ndipo mtu huandika "chini ya 14" alipokusudia "14 au chini yake". Kisha weka herufi penye namba, acha nafasi tupu, na andika anwani ya Jang'ombe. Ile alama ya ng' imeangusha fomu nyingi.

5. Saa. Hapa someni polepole, kwani hapa nilikosea mwenyewe.

Niliandika fomu kama hii kwa jamaa wa Chake Chake anayepeleka watu bandarini Mkoani kuwahi boti ya asubuhi. Niliijaribu siku mbili nzima, na kila mara niliandika 05:00, kwa kuwa niliitengeneza mimi na najua inataka nini. Wiki ya kwanza tu, mama mmoja anayempeleka mwanawe hospitali Unguja akaandika 11. Kwake ni saa kumi na moja alfajiri, na kila mtu Pemba angesema hivyo hivyo. Programu ikahifadhi 11:00, yaani saa tano asubuhi. Dereva akalala. Mama akakaa kibarazani, mtoto mapajani, mkoba umeshafungwa, mpaka jua likapanda na boti ikaenda zake. Nilimwendea kumwomba radhi. Akanambia, "Mwanangu, mbona mimi niliandika sawa." Na kweli aliandika sawa.

Kwa hivyo, tahadhari. Usijaribu kwa maneno yako peke yake. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona fomu, kaa kimya, tazama vidole vyake. Ukianza kumwelekeza, jaribio limeshaharibika. Pia seva nyingi (kompyuta zinazopokea fomu) huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa 3: mtu akituma saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, seva bado iko Jumatatu 22:30. Jaribuni nyakati hizo hasa, msiishie kujaribu mchana. Na kabla ya kupokea ombi, programu imrudishie mtu kwa maneno, "Alkhamis, saa 11 alfajiri, ni sawa?" Hilo ndilo nililoliongeza baadaye.

6. Ukikuta hitilafu, andika: nimefanya nini, nilitarajia nini, kimetokea nini, na kwa simu gani.

7. Ikishatengenezwa, rudia jaribio lile lile, kisha rudia na yale yaliyokuwa yakipita. Ukiziba hapa, hufumuka pale.

MASWALI

Haraka26: Maalim programu yangu haifanyi kazi nisaidie

Jawabu: Hatua ya 6.

Haraka26: nimesoma lkn bado

Jawabu: Hukusoma. Lete mambo yale manne, nami nitakaa nawe mpaka usiku.

Bint Kiembesamaki: Shikamoo Maalim. Nikimaliza hatua zote, naweza kumwambia mteja kuwa haina kosa hata moja?

Jawabu: Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Huwezi. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uholanzi, alishalisema mwaka 1969: majaribio huonyesha kuwa hitilafu zipo, hayaonyeshi kuwa hazipo. Fanya hesabu: nafasi mbili tu za namba za biti 32 (kila biti ni 0 au 1) zina michanganyiko 2 kwa kipeo cha 64. Ukijaribu bilioni moja kila sekunde, utahitaji zaidi ya miaka 580. Ndiyo maana tunachagua mipaka. Mwambie mteja ulichojaribu na ambacho hukujaribu, umwandikie.

Fundi wa Wete: Hii programu nilimfanyia mtu wa Unguja mwaka jana, haijasumbua. Sasa nampa mtu wa Wete ile ile. Nijaribu tena ya nini?

Jawabu: Roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Guiana ya Ufaransa tarehe 4 Juni 1996, na haikumaliza hata dakika moja. Sehemu ya programu yake ilitoka Ariane 4, ambako haikusumbua. Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi, namba moja ikakua kupita 32,767, kiwango cha juu cha biti 16 ilimotiwa, na mfumo wa uelekezaji ukazimika. Programu ile ile, safari nyengine. Mtu wako wa Unguja ana gari ya abiria wangapi, na huyu wa Wete wangapi?

Fundi wa Wete: Huyu ana basi. Nimefahamu.

Mpita Njia: Kujaribu kunachelewesha malipo. Mteja mwenyewe akiona kosa atasema.

Jawabu: Mteja aliyeliona kosa langu alikuwa na mtoto mgonjwa mapajani. Sina jengine la kukwambia.

Mvuvi wa Nungwi: Mimi nikishabonyeza Tuma huzima data hapo hapo, kisha naiwasha. Fomu moja ilinisajili mara mbili.

Jawabu: Ahsante sana, hilo sikuliandika na lilistahiki hatua yake. Bonyezeni na Tuma mara mbili kwa haraka, muone yanaingia maombi mangapi.

Bint Kiembesamaki: Na mwangaza, Maalim. Niliijaribu yangu gatini Malindi saa saba mchana, maandishi ya kijivu hayasomeki kabisa.

Jawabu: Kweli kabisa. Tokeni nje nayo, juani.

Haraka26: Maalim, nimejaza watu wazima 3 na mtoto 1. Nilitarajia abiria 4. Imetoka 31. Simu ya Android.

Jawabu: Hapo sawa, sasa nakuona. Programu inazichukua 3 na 1 kama herufi, inazibandika badala ya kuzijumlisha. Zigeuze kuwa namba kabla ya alama ya kujumlisha, kisha jaribu 0 na 0, unijuze imetoka nini.