Blogu ya kukuingizia kipato ukiwa Kigoma: anza na swali la dagaa

Anayetaka blogu iwe kazi yake akiwa Kigoma asinakili habari za Dar es Salaam. Waliopo kule watamtangulia kila siku. Atafute swali ambalo mtu wa mbali analiuliza na jibu lake liko mwaloni Kibirizi, kwa mfano: kwa nini dagaa wa Kigoma hupanda bei ghafla?

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikitanda ziwani, taa haiwavuti tena, mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa, na mzigo ukipungua bei hupanda. Liweke hilo katika aya ya kwanza, na makala itoke siku tatu kabla ya mwezi mpevu, wakati wanunuzi wa bara bado wanaweza kuagiza.

Kisha nenda mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi, uulize bei kwa wauzaji wasiopungua watatu. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukiandika "dagaa elfu kumi", mfanyabiashara wa Dodoma hajui ni kilo, sado au ndoo, wabichi au wakavu, waliokaushwa mchangani au kwenye chanja. Wa mchangani hubeba mchanga, kwa hiyo bei yao si ileile. Taja kipimo, namna ya ukaushaji na tarehe, tena juu kabisa ya makala. Bei ikibadilika, hariri makala hiyohiyo. Ukifungua nyingine, mbili hizo zitagombea wasomaji, na huenda Google ikaitanguliza ile iliyopitwa na wakati.

Picha ya simu huwa na megabaiti tatu hadi tano. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na uzito usiozidi kilobaiti 200, maana msomaji mwenye bando dogo hasubiri. Piga asubuhi, jua la mchana hufanya dagaa waonekane weupe tupu. Ukitaka sura ya mtu, muombe kwanza.

Kujifunzia, Blogger, huduma ya kuandikia blogu mtandaoni, inatosha: ilianza 1999, Google ikainunua 2003, na ni bure. Ukinunua anwani ya tovuti inayoishia na .co.tz, isajiliwe kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea blogu. Mkikosana, ataondoka nayo. Kama utachapisha habari na matukio, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kuhusu leseni kabla ya kuanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilifutwa na za 2020, nazo zikarekebishwa baadaye, hivyo usitegemee maelezo ya zamani.

AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye blogu, hulipa mapato yakifika dola 100. Kabla ya hapo, yakifika dola 10, Google hutuma namba ya uthibitisho kwa barua. Hakikisha una sanduku la posta unalolifungua mara kwa mara: miezi minne ikipita bila kuiingiza namba hiyo, matangazo husimamishwa. Kwa blogu changa, dola hizo huchelewa mno, kwa hiyo tafuta matangazo moja kwa moja kwa wakaushaji wa dagaa, nyumba za wageni na wenye boti za kwenda Hifadhi ya Gombe. Toza kwa mwezi, na kila makala iliyolipiwa iandikwe "Tangazo" juu yake. Muuza dagaa akitaka kulipia ili akupangie bei ya kuandika, mrudishie fedha yake siku hiyohiyo.